Swali Ambalo Zizi Halikuuliza

Makoko, Musoma
Mwezi wa Agosti

Kwako ndugu yangu Wenceslaus,

Nakusalimu kwa upendo wote wa miaka yetu. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na goti lako limekubali sasa kukupeleka kanisani na kukurudisha bila kukusimamisha njiani. Shemeji yangu hajambo? Marcelina anakusalimu sana, na ameniagiza niulize kama bado unakula senene, wale panzi wa kwenu, kwa kujifungia ndani, au uzee umekufundisha kukaribisha watu. Sisi hapa hatujambo. Mihogo ipo, sato wa Mwigobero anapatikana ingawa kila ukirudi sokoni ni mdogo kuliko wa juzi, na presha yangu inamtii daktari kuliko inavyonitii mimi.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Sababu ni wewe. Kwenye simu hunikatiza, nami nikikatizwa nasahau nilikofika, kisha mtandao unakata na tunaanza kusalimiana upya. Habari niliyo nayo inataka kusemwa mpaka mwisho na mtu mmoja, na karatasi huwezi kuikatiza. Mwanao Dennis, aliyekuwa hapa kikazi, anarudi Muleba kesho. Nimemkabidhi bahasha na kumwonya asiikalie kwenye basi.

Habari yenyewe ni ya Zizi.

Najua huhitaji kukumbushwa Zizi ni nini, lakini mwalimu akianza kueleza huanzia mwanzo, nawe unanijua. Ushirika wa wafugaji ulipotuazima kutoka shuleni, sisi walimu wawili wa hesabu, na kutukabidhi kompyuta ile iliyokuwa inaunguruma kama mashine ya kusaga, hakuna aliyeamini kwamba tungeweza kuzijua nyumba zote za Butiama, Bunda na vijiji vya kando ya ziwa, na ng'ombe wa kila nyumba, na nani amechanjwa homa ya mapafu na nani bado. Tukaandika programu kwa lugha ya Clipper, tukaiita Zizi, ikafanya kazi. Mwaka elfu mbili ulipokaribia na watu maofisini wakahangaika kwa sababu mashine zao ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, sisi tulilala. Wewe ndiye uliyekuwa umeng'ang'ania tarakimu nne tangu siku ya kwanza. Mpaka leo nikisimulia jambo hilo hulitaja jina lako, na nikiwa na watu wasiokujua nakuongezea urefu kidogo.

Tuligombana mara moja tu, utakumbuka. Ulitaka kwamba tukiandika mwenye nyumba, tuandike pia kama ni mume au mke, na programu ikatae mambo yasiyolingana. Mimi nikakataa. Nikakwambia diski ni ndogo, safu zikiongezeka itajaa. Ukasema safu ya herufi moja haijazi diski. Ukaninunia siku nzima. Ukasema nina akili ya hesabu lakini roho ya uzembe. Nakuomba uliweke ugomvi huo mahali karibu, tutauhitaji.

Basi, Zizi liliendelea baada yako kustaafu, likaendelea baada yangu. Kompyuta ya kwanza ilikufa, ya pili ikafuata, na sasa linaishi ndani ya kompyuta ya kisasa ambayo mjukuu wangu ameidanganya ijifanye ni ya zamani, kwa sababu Zizi haliwezi kuishi kwingine. Mashine ya kuchapa inayotumia utepe imebaki moja, na utepe wenyewe huagizwa mbali kama dawa ya ugonjwa wa ajabu. Lakini kila msimu wa chanjo, Zizi limetoa barua za wito, nyumba kwa nyumba, bila kukosea kijiji.

Mjukuu ninayemtaja ni Dorah, wa binti yangu wa pili, yule uliyempa peremende kanisani akaitema. Amemaliza chuo Dodoma, amesomea mambo ya programu, na amerudi nyumbani kwa hiari yake mwenyewe. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Makongoro, alimwomba atengeneze programu mpya ya kutumia kwenye simu, ili karani akiwa joshoni amwandike ng'ombe hapo hapo, na wito wa chanjo uende kwa ujumbe wa simu badala ya karatasi. Dorah akaandika kwa lugha inayoitwa Kotlin. Bodi ikasema mkutano mkuu ndio utaamua kama Zizi libaki au lizimwe, lakini Makongoro akanong'ona kwa kila mtu kwamba Mwalimu Samwel akisema libaki, litabaki. Kwa hiyo hukumu ilikuwa kwangu, na kilichohukumiwa upande mmoja kilikuwa kazi yetu, upande wa pili alikuwa mjukuu wangu.

Nilikuwa mkali, Wenceslaus. Nilimwambia Dorah kwamba lugha hizi mpya huzaliwa kila mwaka, na kila mwaka kuna vijana wanaoapa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Lugha iliyozeeka makosa yake yanajulikana, ukikwama yupo aliyewahi kukwama kabla yako, wakati lugha mpya ukikwama umekwama peke yako. Akaniuliza kwa adabu ni nani huyo aliyebaki anayejua Clipper ampigie simu akikwama. Nikataja wewe. Akauliza mwingine. Marcelina, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni, akacheka peke yake.

Makongoro naye alikuwa akija jioni kusikiliza kama mtu anayekwenda mpirani. Alinitetea kwa kusema Zizi ni kama dume la zamani, linajua njia ya josho lenyewe bila kuswagwa. Dorah akajibu kwamba ni kweli linajua njia, ila ni njia ya josho lililobomoka. Makongoro akapiga magoti yake kwa kicheko, akasema huyu mtoto ana mdomo wa kwenu.

Nikuelezee lugha yenyewe, maana najua mkono unakuwasha. Clipper yetu, unaikumbuka, ilikuwa mpole. Ukiacha pengo, inanyamaza. Ukiandika jina mahali pa namba, inasubiri mpaka siku ya kazi ndipo ianguke mbele ya watu. Hii Kotlin ni kama mwalimu wa zamu. Ina kompaila inayosoma ulichoandika kabla haijakiruhusu kwenda, na inakuuliza maswali: jambo hili linaweza kukosekana? Kama linaweza, sema sasa hivi, na useme utafanya nini likikosekana. Ukiiambia kwamba nyumba zipo za aina tatu, basi kila mahali unapouliza aina ya nyumba lazima uzijibu zote tatu. Ukisahau moja, inachora mstari mwekundu na kukataa kutembea. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilisema ni kiburi. Lugha gani inamhoji anayeiandika?

Na Dorah alikuwa amesema zipo za aina tatu. Nyumba ya mume na mke, nyumba ya mjane, na nyumba ya mtu anayeishi peke yake. Ni msomi, lakini amekulia mjini.

Tukaenda Bunda kujaribu, kwenye josho moja la huko, siku ya kuogesha. Ng'ombe wanalia, dawa inanuka, wachungaji wanapigiana kelele, na karani wa ushirika, kijana anayeitwa Clever, ameshika simu ya Dorah kama mtu aliyeshika yai. Nyumba zikaingia moja baada ya nyingine, na nakiri kwamba ilikuwa inapendeza kutazama. Ndipo akaja Bibi Matrida.

Bibi huyu humjui. Asili yake ni upande wa Butiama, akahamia Bunda na ng'ombe wake. Ni nyumba ya ile ndoa tunayoiita nyumba ntobu. Uliwahi kuisikia ulipokuwa huku, lakini wengi huisimulia kwa kucheka, kwa hiyo ngoja nikueleze vizuri. Mwanamke akiwa hana mtoto wa kiume, au hana mtoto kabisa, na ana ng'ombe wake, anaweza kutoa mahari na kuoa mke kwa ajili ya nyumba yake. Mke yule anazaa, na watoto ni wa nyumba ile. Wanabeba jina la bibi aliyetoa ng'ombe. Yeye ndiye mwenye nyumba, na yeye ndiye baba yao kwa sheria ya ukoo. Bibi Matrida alifiwa na mume mapema, akafanya kazi, akapata ng'ombe, akamwoa Mary, na Mary amemzalia watoto ambao sasa nao wanafuga.

Clever akaandika jina la bibi. Simu ikauliza aina ya nyumba. Akachagua mjane. Simu ikauliza, huyu Mary ni nani wa Bibi Matrida? Ikatoa majibu ya kuchagua: binti, mkwe, mfanyakazi. Bibi akasema ni mke. Clever akasema, samahani bibi, mke haipo. Bibi akamwuliza kama ni yeye asiyemwona au ni mashine isiyomwona, maana Mary yule pale ameshika kamba ya ndama. Watu wakaanza kucheka, wengine kwa wema, wengine sivyo.

Kumbe alikuwapo mtu aliyekuwa akisubiri nafasi. Anaitwa Nyamhanga, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa bibi. Akajipenyeza akasema kwa sauti ya kusaidia kwamba jambo ni dogo, andikeni jina la marehemu baba mdogo kama mwenye nyumba, mashine itaridhika na sisi tutaendelea na kazi. Clever, maskini, akaona ni wazo zuri. Sisi wakubwa tulielewa mara moja. Jina la marehemu likishaandikwa kwenye vitabu vya ushirika, kesho ng'ombe ni wa marehemu, na keshokutwa ni wa ukoo wa marehemu, yaani wa Nyamhanga, na Mary na watoto wake wanabaki wageni kwenye zizi lao wenyewe. Bibi Matrida aliegemea fimbo yake, akamwambia Nyamhanga kwamba huyo baba mdogo wake aliacha nyumba yenye panya tu, na kama anataka urithi wake aende akawaswage hao panya. Ng'ombe hawa, akasema, walikuja kwa mgongo huu.

Sasa sikiliza nilivyofanya mimi. Nilifurahi. Nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwamba Zizi la zamani limekuwa na Bibi Matrida miaka yote, yeye ndiye mwenye nyumba, Mary yumo, watoto wamo, na halikuwahi kuuliza upuuzi wowote. Makongoro akasema basi, kesi imekwisha, dume la zamani limeshinda. Wakanipigia makofi. Dorah alizima simu, akaiweka mfukoni, akaenda kumsaidia Mary kumsukuma ndama dimbwini.

Njia nzima ya kurudi Musoma Dorah aliangalia dirishani. Nilidhani amenuna. Kumbe alikuwa anafikiri, na nadhani hiyo tabia ameipata kwangu, ingawa Marcelina anadai ni yake. Kesho yake akaniomba nimfungulie Zizi na nimwonyeshe Bibi Matrida anavyoonekana. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akatazama, kisha akaandika mahali pa mwenye nyumba neno "mbuzi", akabonyeza. Zizi likapokea. Akaandika mke wa mbuzi kuwa "ndoo". Zizi likapokea. Akaniambia taratibu kwamba Zizi halimtambui Bibi Matrida, babu, Zizi halikumwuliza tu. Na Nyamhanga akija siku moja na jina la marehemu, halitamwuliza na yeye.

Kisha akaniambia jambo ambalo bibi mwenyewe alimsimulia pale dimbwini. Unakumbuka tulivyoweka neno "Bwana" mbele ya jina la kila mwenye nyumba, kwenye barua za wito? Basi kwa miaka yote hiyo barua zimekwenda kijijini zimeandikwa "Kwa Bwana Matrida". Watoto wakawa wanamwimbia njiani. Wanywaji wakawa wanamwita Bwana, Bwana, leo unatununulia? Bibi alimwambia Dorah, "Mnaniitaga Bwana miaka yote, nami nanyamazaga, maana chanjo ilikuwa inakujaga."

Nilitoka nje, Wenceslaus, nikaangalia ziwa.

Niliporudi, Dorah alikuwa ameongeza aina ya nne ya nyumba. Ulipaswa kuona skrini ile. Kila mahali palipouliza aina ya nyumba palikuwa pamechorwa nyekundu, kuanzia juu mpaka chini, kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Lugha ilikuwa inauliza. Wito aitwe nani? Mwenye nyumba akifa, anashika nani? Ndama akizaliwa anaandikwa kwa nani? Mke akiondoka, watoto wanabaki wapi? Dorah akasema kuna njia ya mkato: angeweza kuandika "vinginevyo", na wekundu wote ungetoweka mara moja, lakini hapo atakuwa ametengeneza Zizi lingine. Akasema anahitaji mtu anayejua nyumba kama hizi zinavyoendeshwa ndani, siyo kwa kusikia. Akauliza amwendee nani.

Nikamwambia avute kiti.

Tulikaa siku kadhaa mezani, yeye akisoma swali, mimi nikijibu. Mwenye nyumba akifa, nyumba haifi. Mtoto wa kwanza wa kiume anashika, na mke anabaki mama wa pale. Ndama ni wa nyumba, si wa aliyekamua. Mke akiondoka, watoto hawaondoki, kwa sababu ng'ombe wa mahari waliotoka ndio waliowaita. Na jina la mtu aliyemzaa mtoto kwa damu? Akaniuliza hilo pia, maana lugha ilitaka kujua kama linaweza kukosekana. Nikamwambia andika kwamba linaweza kukosekana, na likikosekana hakuna kinachopungua. Kila jibu lilipoingia, mstari mmoja mwekundu ulizimika. Jibu la mwisho lilipoingia skrini yote ikatulia, na programu ikakubali kwenda. Ndugu yangu, nimefundisha watu wengi, lakini sikumbuki darasa lililonipa raha kama lile ambalo mwanafunzi alikuwa ndiye anayeuliza na mwalimu akabaki akijibu.

Swali la mwisho lilikuwa jina la aina hiyo ya nyumba ndani ya programu. Dorah alipendekeza maneno mazuri ya kiofisi, marefu. Nikasema hapana, liandikwe kama linavyoitwa. Limeandikwa NyumbaNtobu, wazi, katikati ya mengine, na karani yeyote atakayefungua programu hiyo ataliona.

Mkutano mkuu ukafanyika Butiama, katika ukumbi wa parokia, na watu wa kila upande walikuja. Nyamhanga alikuwapo, amevaa koti. Nikapewa nafasi. Nikaeleza kwa utulivu, jinsi unavyonijua, mpaka mtu mmoja nyuma akaomba nifupishe. Nikasema lugha ya zamani si mbaya, ilitubeba, na walioandika Zizi si wajinga, mmoja wao yuko Muleba na mwingine ni huyu. Nikasema sikubaliani na wanaotaka kila kipya kwa sababu ni kipya, na ndiyo maana programu mpya itaenda sambamba na Zizi kwa msimu mmoja wa chanjo kwanza. Lakini baada ya hapo, nikasema, mimi mwenyewe naomba Zizi lizimwe, kwa sababu lugha hii mpya inauliza mambo tuliyozoea kuyanyamazia, na ukishaulizwa unalazimika kujibu. Kisha nikazisoma kanuni za aina ya nne, moja moja, kama zilivyo ndani ya programu. Nyamhanga akanyanyuka akasema Mwalimu anatunga. Nikamwuliza ataje iliyotungwa. Akakaa.

Makongoro, ambaye hawezi kuacha utani hata msibani, akauliza mbele ya wote Mwalimu amezitoa wapi habari za ndani namna hii, au naye aliwahi kuolewa na bibi kizee? Ukumbi wote ukacheka. Nami nilicheka. Kisha nikasema hapana, sikuolewa. Nilizaliwa.

Na hili ndilo nililokaa chini kukuandikia, Wenceslaus, kwa sababu sikutaka ulisikie kwa mwingine. Robi unayemwona mwishoni mwa jina langu, ambaye nadhani miaka yote umemwona kama mzee fulani mwenye ndevu, alikuwa mwanamke. Mama aliyenizaa aliitwa Wankuru, na Robi alimwoa kwa ng'ombe wake mwenyewe, kule Buhemba. Nyumbani tulimwita tata, kama watoto wa jirani walivyowaita baba zao, na fimbo yake ilikuwa ya baba kweli. Yeye ndiye aliyenipeleka shule ya misheni. Mwandikishaji akaniuliza jina la baba, nikasema Robi, akaandika. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza. Na hivyo ndivyo nilivyoishi: si kwa aibu, maana sikuwahi kumwonea aibu hata dakika moja, ila hakuna aliyeniuliza. Marcelina alijua tangu uchumba. Watoto walijua kidogo. Dorah alijua siku ile nilipomwambia avute kiti.

Sasa urudishe ule ugomvi wetu. Haikuwa diski. Nyumba ya kwanza niliyoiingiza kwenye Zizi, kabla wewe hujafika siku ile, ilikuwa ya Robi. Kama tungeweka safu yako, programu ingemkataa, na mimi ningelazimika ama kumwandika uongo ama kueleza, na wakati ule maneno ya kueleza sikuwa nayo. Kwa hiyo nikaacha pengo, na lugha yetu ya upole ikalikubali. Barua ya kwanza iliyochapwa ilisema "Kwa Bwana Robi". Nilimpelekea, akiwa mzee sana, haoni vizuri, nikamsomea. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mashine yangu ina akili kuliko machifu. Kwake yeye neno lile lilikuwa heshima. Sikujua kwamba kwa Bibi Matrida lingekuwa mzaha. Nilidhani pengo lililomtosha baba yangu linawatosha wote.

Haya yote niliyasema mbele ya ukumbi, pamoja na ile barua ya Bwana Robi. Aliyenyanyuka wa kwanza ni Bibi Matrida mwenyewe. Alikuja mpaka mbele na fimbo yake, akaniangalia usoni kama mtu anayetafuta kufanana, akasema, kumbe tulikuwa Mabwana wawili. Hapo hata Makongoro alipangusa macho. Kura zilipopigwa sikuziona vizuri, lakini naambiwa mikono ilikuwa mingi, na koti la Nyamhanga lilishatoka nje.

Wito wa kwanza wa programu mpya umeshakwenda kwa simu. Kabla ya kuutuma, Dorah alimpigia Bibi Matrida akamwuliza anataka aitweje. Bibi akasema amemzoea Bwana, amwache tu. Akacheka, kisha akasema hapana, andika "Mwenye Nyumba". Ndivyo ilivyoandikwa. Na chini ya aina ile ya nne, kwenye ile sehemu ambayo waandishi wa programu huacha maelezo kwa watakaokuja, mjukuu wangu ameandika mstari mmoja kwa Kiswahili: "Kanuni hizi zimetoka nyumbani kwa Robi, Buhemba." Nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukwambia bila kuchekwa. Jina la baba yangu limeingia kwenye lugha ambayo hata haikuwapo alipofariki, na halikuingia kwa kupenya kwenye pengo. Limeulizwa na limejibiwa.

Nina ombi moja. Msimu wa chanjo ukiisha, Zizi litazimwa, na nimewaambia hakuna mkono utakaoligusa mpaka wewe uje. Ni kazi yako pia, na tarakimu zako nne zimehamia kwenye programu mpya kama zilivyo. Mlete na shemeji. Marcelina amesema atakukaangia sato mwenyewe, ila senene uje nazo, na safari hii uzifungue mbele ya watu.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa na wadogo, na jirani yako yule anayeimba bezi. Mungu aliangalie goti lako.

Ni mimi, mwalimu mwenzako,

Samwel, mwana wa Robi